Gauni Lililopigwa Pasi

Mwaka ule, miaka miwili baada ya Kombe la Dunia kupita Durban, nilikuwa nimevaa nyeusi karibu mwaka mzima. Gauni lilikuwa moja, refu, la vifungo mgongoni, mikono mpaka kwenye viganja, pamoja na kitambaa cha kichwa cha rangi hiyo hiyo. Nililifua jioni na kulivaa asubuhi, mara nyingine likiwa bado na unyevu kwapani. Mume wangu alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa mapafu. Watu wake wako Uvira, na wana utaratibu wao: mjane anavaa nyeusi mpaka siku ambayo ukoo mzima unaondoa kilio, na siku hiyo ni moja kwa wote, popote walipo. Anayeikosa anabaki na nyeusi yake mpaka mwaka mwingine.

Mwaka mwingine nisingeuweza. Nasema wazi, kwa sababu watu waliniona niko kimya wakadhani nimetulia. Mimi ni msusi. Saluni niliyokuwa nafanya kazi iko Greyville, nyuma ya uwanja wa mbio za farasi, na mwenye saluni, mama wa Bukavu aliyenipenda, aliniambia wiki ile ile ya mazishi:

"Dada, pole sana. Lakini na nguo hiyo siwezi kukuweka kwenye kichwa cha bibi harusi. Watanikimbia wote. Rudi siku ukitoka kilioni."

Basi mikono yangu ikakaa bure. Kwenye taxi nilikuwa naangalia kichwa cha aliyekaa mbele yangu, naona mstari uliopinda, vidole vinataka kuufumua. Kanisani hivyo hivyo. Nyumbani nilisuka nyuzi za pindo la pazia, nikazifumua, nikazisuka tena. Sikuwa na mahali pa kukaa ndani ya mwili wangu.

Kazi niliyoipata ilikuwa ya kumtunza bibi mmoja wa Kiingereza, huko Umbilo, kwenye jengo la ghorofa lenye lifti iliyoharibika. Watoto wake walikuwa wamehamia Australia. Nilimwogesha, nilimpikia uji wa shayiri, na kila asubuhi nilimwekea dawa ya macho, tone moja kila jicho, kwa sababu macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Uso wako aliuona ukimkaribia sana. Robot, taa ya barabarani, ikiwaka nyekundu, alikuwa ananiuliza mimi. Mara moja aliliambia koti langu lililotundikwa mlangoni lije ndani likae.

Alikuwa mjane kama mimi. Mume wake alipenda divai kuliko kitu chochote, na chupa zake zilikuwa bado kila mahali, mpaka kwenye kabati la viatu. Kabla ya kufa alikuwa ameweka nafasi ya safari ya watu wawili: kulala siku mbili kwenye hoteli ya kifahari juu ya mto Thukela, mahali ambapo watalii wanakwenda kuona vilima vya vita vya zamani, kisha wakati wa kurudi kula chakula cha mchana kwenye shamba la mizabibu huko Midlands. Hoteli iliitunza nafasi ile mpaka mwisho wa Agosti.

"Twende sisi, mpendwa," bibi aliniambia. Ndivyo alivyowaita watu wote, hata waliompigia simu kimakosa. "Amelipia. Itakuwa dhambi kuiacha."

Nikakubali. Wiki moja baadaye simu ikalia kutoka Uvira. Ukoo umekaa, siku imepatikana. Ilikuwa Jumamosi ile ile ambayo tungekuwa huko mtoni.

Nilimwambia bibi. Alisema tuache basi, safari si kitu. Lakini nilikuwa nimemwona jana yake amepiga magoti mbele ya sanduku lake la safari, analipangusa kwa kitambaa asichokiona, na neno langu nilikuwa nimeshampa. Nikampigia mama mkwe, nikamwambia siku hiyo nitakuwa mtoni.

"Maji ya mto ni mazuri," mama mkwe alisema. "Kuogea siku hiyo, kuliko ya robine ya bafuni. Lakini nguo lazima itolewe na mjane aliyekwisha kutoka. Huko unakoenda kuko mjane?"

"Kuko huyu bibi ninayemtunza, mama."

"Muzungu?"

"Ndiyo, mama."

"Alivaa nyeusi muda gani?"

Nikamgeukia bibi, aliyekuwa anakunywa chai, nikamwuliza. Akafikiri.

"Siku ya mazishi," alisema. "Na kofia. Ilikuwa kofia nzuri sana."

Nikapeleka jibu Uvira.

"Siku moja? Na kofia?" mama mkwe alisema. "Huyo hajatoka, mwanangu. Hata kuingia hajaingia. Tafuta mwingine."

Tuliondoka Ijumaa asubuhi kwa gari la hoteli. Barabara inapanda kutoka baharini mpaka masikio yanaziba, na nyasi za Agosti zilikuwa kavu, rangi ya simba, nyingine zimeungua. Bibi alilala. Mimi nilikuwa nahama dirisha hili kwenda lile, mpaka dereva akaniuliza kama nataka kushuka.

Hoteli ilikuwa ya mawe na paa la nyasi, juu ya kilima, na mto uko chini, mwembamba, unajipenyeza kati ya mawe kwa sababu mvua zilikuwa bado. Chumba chetu kilikuwa kikubwa kuliko nyumba yangu yote. Beseni la kuogea lilisimama kwa miguu minne mbele ya dirisha, ili mtu autazame mto akiwa uchi. Walituuliza tunataka maji yenye mapovu au yasiyo na mapovu. Niliposema ya kawaida, wakaniletea kwenye chupa ya kioo, na jani ndani yake.

Sijawahi kuhangaika kama nilivyohangaika mahali pale pa mapumziko. Kila nilichotaka kufanya kilikuwa kimeshafanywa. Nikikunja taulo, nikitoka na kurudi naikuta imekunjwa upya kwa umbo la bata. Nikifuta meza, mtu anatokea na kitambaa. Kitu kikianguka chini, ukigeuka hakipo: kimefuliwa, kimepigwa pasi, kimerudi. Hiyo ilikuwa fahari yao, walituambia tulipofika, kwamba mgeni hainami hapa. Nikawa nainama makusudi, kufunga viatu ambavyo havikuwa na kamba.

Mwanamke aliyetandika vitanda vyetu alikuwa Mzulu wa umri wangu. Alipoingia mara ya kwanza na sinia la chai alisimama, akaliangalia gauni langu, kisha badala ya kunipa kikombe mkononi akakiweka mezani na kurudi hatua nyuma. Nikajua anajua. Kwao pia mjane hapokei kitu mkono kwa mkono.

"Sawubona, sisi," alinisalimia Kizulu, akiniita dada, macho chini. "Ni mume?"

"Ni mume."

"Wangu pia. Nilitoa yangu mwaka jana."

Tuliongea Kiingereza, chake kimechanganyika na Kizulu na changu na Kifaransa, na tulielewana vizuri kuliko nilivyoelewana na yeyote hoteli ile. Nilimweleza habari ya Jumamosi na ya siku moja ya kofia, nikamwomba yeye anivue. Aliziba mdomo asicheke mbele ya bibi.

"Eish, sisi. Lakini mimi si mtu wa kwenu."

"Uliivaa mwaka mzima?"

"Mzima. Wakwe zangu walikuwa wananichungulia dirishani."

"Basi umenitangulia."

Alipanga mito, akaipanga tena. "Kesho nikimaliza vyumba," alisema. "Saa nane mchana. Msimamizi asijue."

Jioni ile walitupeleka kwenye kilima cha vita. Mtembezaji alikuwa mzee wa Kiingereza mwenye fimbo, na alijua kusimulia. Alituonyesha walikosimama Waingereza, walikotokea Makaburu, na njia ambayo Wahindi walipita wakibeba majeruhi kwenye machela. Alituonyesha handaki ambalo vijana walilichimba wajifiche, na ndilo likawa kaburi lao, refu, limezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Wageni wakalia. Mwanamume mmoja mnene alitoa leso kabisa. Mimi mwenye nyeusi nilikuwa mkavu. Niliwaonea wivu, nasema kweli. Walikuja likizo, wakawalilia wasiowajua, na ilipotandikwa meza yenye kitambaa cheupe pale pale karibu na mawe, na divai, na vijiti vya nyama, wakageuka wakawa wanacheka. Kilio chao kilianza na kikaisha kabla jua halijazama. Changu nacho kilikuwa kimebakiza siku moja, na siku hiyo ilikuwa mikononi mwa mwanamke aliyekuwa anaogopa msimamizi.

Kijana wa vinywaji aliniletea glasi mara tatu. Mara tatu nilikataa, kwa sababu mjane hanywi na watu.

"Pakoje?" bibi aliniuliza, akiwa ameshika mkono wangu.

"Pazuri," nilimwambia. "Mto unaonekana wote."

"Yeye angependa," alisema, na akashusha glasi yake chini kwenye nyasi bila kuigusa kwa midomo.

Jumamosi saa nane mwanamke yule alikuja, akafunga mlango wa bafu kwa ndani. Saa za Uvira na za Durban ni moja. Mama mkwe alipiga, nikaweka simu kwenye ukingo wa beseni, na kwa mbali tukasikia wanaimba. Bibi alikaa kwenye kiti karibu na taulo, na kikombe chake, kwa sababu nilimwomba asiniache.

Kwa watu wa mume wangu, kabla nguo haijaanguka, mjane anamwambia marehemu neno alilobakiza, kwa sauti. Mwaka mzima nilikuwa nimelitayarisha neno zuri, la shukrani. Mwanamke alianza kufungua vifungo nyuma yangu, baridi ikaingia mgongoni, na lililotoka halikuwa lile.

"Nimechoka na wewe," nilisema. "Nimechoka kukulilia. Nimechoka kukaa na mikono mitupu. Umenileta nchi hii ukaniacha humu. Lala sasa. Lala, na mimi niamke."

Kutoka Uvira nikamsikia mama mkwe anasema taratibu, "Ndiyo. Amesikia."

Gauni likaanguka miguuni. Nikaruka hatua moja mbele, bila kugeuka, nikamwagiwa maji ya mto yaliyoletwa kwa ndoo, nikavikwa kitenge cha manjano nilichokibeba kutoka Durban, na mwanamke akanikata nywele fupi kwa mkasi wa bibi wa kucha, ambao haukuwa mkali.

"Umesema nini?" bibi aliuliza. "Ulipoongea, umesema nini?"

Nikamtafsiria vile vile, bila kupunguza.

"Afadhali," bibi alisema. "Nilikuwa naogopa umesema kitu kizuri." Akageukia dirisha. "Mimi sikuipenda divai hata siku moja. Unasikia? Hata siku moja. Maisha yangu yote na wewe nilikuwa nataka chai."

Hakuwa anaongea na sisi.

Gauni halikutakiwa kulala tena nyumba moja na mimi. Kulichoma moto haikuwezekana, na paa lile la nyasi na kilima chote kikavu. Mwanamke alisema tuliache pale pale lilipo, nisiliguse, akitoka kazini atalipeleka mtoni. Tukatoka kwenda kunywa chai ya saa kumi kwenye baraza. Nakumbuka upepo shingoni. Nakumbuka mgeni mmoja aliyesema kitenge changu ni kizuri, na kwamba nilimjibu kwa sauti kubwa kupita kiasi.

Tuliporudi chumbani, juu ya kitanda changu kulikuwa na kifurushi cha karatasi nyembamba nyeupe, kimefungwa utepe, na juu yake kipande kimoja cha chokoleti.

Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango. Watu wa zamu ya mchana walikuwa wametangulia. Walikuta nguo iko sakafuni, wakafanya fahari yao.

"Kuna nini?" bibi aliuliza.

"Limerudi."

"Nini limerudi?"

"Gauni."

Bibi alikwenda akipapasa mpaka kitandani, akashika utepe, akashika kilichokuwa juu yake, akakitia mdomoni kabla sijasema lolote. "Ni chokoleti," alisema. "Ya mnanaa."

Mwanamke wetu alipokuja kulichukua gauni alisimama mlangoni na mikono kichwani. "Hawa watu na kufua kwao! Hawa watu!" Aliniapia kwamba tungeweza kulipeleka mtoni vile vile na hakuna wa Uvira angejua. Ilikuwa kweli. Lakini nisingejua kama nimetoka au sijatoka, na kutojua ndiko kulikonichosha mwaka mzima. Nikapiga simu.

"Mama, nguo imerudi."

"Imerudi namna gani? Imetembea?"

"Wameifua, mama. Wamepiga pasi. Wamefunga na utepe."

Nikamsikia anawaeleza waliokuwa naye. Kisha nikasikia kicheko, kwanza cha wengine, halafu chake, kile cha puani ambacho mume wangu alirithi. Sikuwa nimekisikia tangu mazishi. Kilipokwisha akawa mzito.

"Imelala na wewe chumbani?"

"Bado."

"Basi isilale. Iende majini leo, jua likiwa juu, si kwa mkono wako. Weye usigeuke. Lakini mtu aione ikienda. Ikienda, umetoka. Ikibaki, mwanangu, utaivaa tena, na mimi nitavaa yangu tena pamoja na weye."

Yake, ya kumlilia mwanawe, alikuwa ameitoa saa mbili zilizopita. Nilijua miguu yake inavimba, nilijua amechoka kuliko mimi.

Tulishuka mtoni kwa njia ya wafanyakazi, mwanamke mbele na kifurushi kwenye ndoo ya usafi, mimi nyuma nikimshika bibi, jiwe kwa jiwe. Maji yalikuwa kidogo kuliko yalivyoonekana kutoka dirishani. Mahali pengi mtoto angevuka bila kulowa magoti, na gauni lile lilikuwa na kitambaa kingi. Nikaupa mto mgongo, nikatazama kilima. Nikasikia mwanamke anavua viatu, anakanyaga maji, anakung'uta nguo ifunguke, anarusha. Papo hapo honi ya gari la wafanyakazi ikalia huko juu.

"Sisi, wataniacha!" alisema, akapita karibu yangu anakimbia na viatu mkononi na ndoo inagonga. Hakuangalia nyuma. Sikumshukuru hata.

Nikabaki na mgongo kwa mto. Bibi tu ndiye aliyekuwa ameelekea majini, amejiegemeza kwenye bega langu, kidevu juu. Nilisikia maji yanapita kwenye mawe. Nilisikia kitu kama kitambaa kinachopigapiga, au labda matete.

Baada ya muda bibi alinigusa mkono. "Tunaweza kwenda, mpendwa," alisema.

Sikumwuliza. Sikumwuliza wakati wa kula, wala asubuhi nilipomwekea dawa ya macho, tone moja kila jicho, akiwa amelaza kichwa kwenye mto na kope zinapigana. Ukungu ulikuwa pale pale.

Jumapili tulisimama kwenye shamba la mizabibu. Nilikuwa nimedhani nitaona majani na zabibu. Agosti mizabibu ni vijiti tu, vimefungwa kwenye nyaya, vimekatwa vifupi kama kichwa changu. Ndani, watu walikuwa wanakunywa divai, wanaisukutua, halafu wanaitema kwenye ndoo ya fedha. Bibi aliagiza chai. Mhudumu alidhani anatania. Mimi nilionja divai nyekundu, ya kwanza kunywa mbele ya watu, ikanikunja uso, na kukaa kukanishinda. Nilisimama, nikakaa, nikasimama.

"Ilikwenda?" niliuliza.

Bibi hakujifanya kutonielewa. Aliweka kikombe chini.

"Ilikwama kwanza," alisema. "Kwenye jiwe. Nikaogopa. Halafu upepo uliingia ndani yake ikajaa, kama mtu anavuta pumzi, na ikazunguka, na ikaenda. Mikono ilikuwa imefunguka hivi." Akafungua yake. "Mpaka kwenye kona. Ilikuwa nzuri sana, mpendwa."

Nje ya dirisha, karibu kabisa, kulikuwa na mbwa amelala juani. Bibi alikuwa ameshaniuliza mara mbili kama lile ni gunia.

Nilimwangalia kwa muda mrefu. Yeye alikuwa ananitazama mahali alipodhani uso wangu ulipo, na hakuugeuza uso wake.

Simu ililia tukiwa bado mezani.

"Mtu aliiona ikienda?" mama mkwe aliuliza.

"Bibi anasema aliiona," nilijibu. Kila neno lilikuwa kweli.

Nilimsikia anashusha pumzi, huko Uvira, na kitanda kinalia alipokaa. "Basi," alisema. "Basi, mwanangu. Kapumzike."

Jumanne nilikuwa Greyville. Mama wa saluni alinipa kichwa cha binti aliyekuwa anaolewa Chatsworth wiki ile, nywele nene, ngumu, na nilipotia kitana mstari wa kwanza ukapinda. Niliufumua, nikauanza upya.

Bado ninakwenda ufukweni baada ya mvua kubwa, wakati mito inapoleta magogo na matete mpaka kwenye mchanga wa Durban na watu wa manispaa wanayakusanya. Nikiona kitu cheusi kati ya matete nasogea karibu. Mpaka sasa ni mifuko ya plastiki tu.